Mdomo wa Kiganja

Kaka yangu alikuwa ameushika mlango wa gari kwa mikono miwili, na mwenye gari, yule mkunga, alikuwa ananitazama mimi. Wote wawili walikuwa wanasubiri jibu langu. Kaka hakuwa akisikia, mkunga hakujua ishara, na katikati yao nilisimama mimi na mimba ya miezi saba, miguu imefura hadi viatu vimenikataa.

Gereji nzima ilimwita kaka Kiganja. Homa ya utotoni ilimfunga masikio, akabaki na mikono. Ishara zetu tulizitunga wenyewe, mimi na yeye, kabla hata sijajua kusoma. Likija gari linalotetemeka, mafundi wengine waliinamisha sikio kwenye injini. Yeye alikaa kiti cha abiria, akatandaza kiganja juu ya dashibodi, kisha sakafuni, kisha kwenye kiti chenyewe, macho yametulia kama ya mtu anayesoma barua. Ukisikia usukani unatetemeka, alinifundisha, anza na magurudumu ya mbele. Kikitetemeka kiti, ni ya nyuma. Ikiwa ni mpaka ukanyage breki, diski zimepinda. Na gari likitetemeka limesimama tu, raba zinazobeba injini zimechoka.

"Gari halidanganyi," alipenda kuniambia kwa vidole. "Mwenye gari ndiye wa kuchunga."

Kazi yangu ilikuwa kukaa mezani, kupokea wateja na kuwa mdomo wake. Miaka tisa. Sijui kama kuna anayeujua uchovu wa kubeba maneno ya mtu mwingine kutwa nzima, hata matusi yake ukayatoa kwa adabu.

Mkunga alikuja Jumatano asubuhi. Alikuwa mama mcheshi, mwenye sauti iliyozoea kuwaamrisha watu wapumue. "Mwanangu," aliniambia, "nikifika themanini tu, usukani unanitetemekea kama una homa. Mwambie kaka yako aupe dawa."

Kiganja aliyapiga balansi magurudumu ya mbele yazunguke sawasawa, akalipeleka gari barabarani na fundi mwenzake. Waliporudi hakutabasamu. Alilipandisha jeki, akashika gurudumu la kulia, akalisukuma juu na chini. Kisha akaniita, akaubandika mkono wangu palepale. Nilisikia kitu kinacheza, kidogo tu, kama jino la mtoto linalotaka kung'oka.

Boljointi, kile kifundo kinachoshika gurudumu, kilikuwa kimekwisha. Spea ingepatikana kesho yake. "Gari lisitoke," alisema kwa mikono, na akarudia, ingawa hakuwa na tabia ya kurudia.

"Anasemaje?" mkunga aliuliza. Ufunguo ulikuwa tayari mkononi, na Kiganja ameushika mlango wa gari. Zahanati walikuwa wamempigia mara tatu. Kulikuwa na mzazi aliyeshindwa kujifungua.

Ningeweza kusema ni huyo mzazi aliyeniponza. Si kweli, au si kweli yote. Wiki iliyotangulia Kiganja alikuwa amemzuia dereva wa teksi siku mbili kwa ajili ya kipande cha raba, na matusi ya yule dereva niliyapokea mimi. Nilikuwa nimechoka. Nilitaka mteja yule aondoke, nikanyooshe miguu.

"Anasema ilikuwa balansi tu, mama. Limepona. Ila uende polepole."

Kisha nikamgeukia kaka, nikampa ishara: anafika nyumbani tu, hapo karibu, kesho asubuhi analirudisha.

Mmoja nilimdanganya kwa mdomo, mwingine kwa mikono. Kiganja alinitazama kidogo, akaachia mlango.

Gurudumu lilikunjika mteremkoni, kabla mkunga hajafika zahanati. Tulimzika Ijumaa.

Jumatatu alikuja askari wa usalama barabarani, mtu mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Tajiri wa gereji alisimama mlangoni.

"Muulize," askari aliniambia, "kama aliuona ubovu."

Niliuliza. Mikono ya kaka yangu ilijibu bila kusita: niliuona, nikasema lisitoke, wewe ulimwambiaje?

"Anasema hakuuona," nikasema.

Askari aliandika, akamsogezea karatasi aweke sahihi. Pengine alidhani kiziwi hajui kusoma. Kiganja alisoma taratibu, kidole chini ya kila mstari, na kwenye neno *sikuuona* kidole kikasimama. Aliinua macho akautazama mdomo wangu. Kisha akalitazama tumbo langu, kwa muda mrefu. Nilitaka aitupe ile karatasi. Mungu ananiona, nilitaka anikane mbele ya wote.

Alichukua kalamu, akatia sahihi.

Alifungwa miezi kumi na moja kwa uzembe. Gerejini walisema, "Kiziwi na gari wapi na wapi? Si tulisema?" Hawakuwa wamesema lolote. Binti yangu alizaliwa mjomba wake akiwa ndani. Alipotoka, hakuna aliyempa hata tairi la kuziba. Akapata kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka, mahali ambapo kelele huwafukuza wengine.

Miaka sita nilimpelekea chakula na habari za nyumbani. Kweli nilikuwa nimeimeza, haishuki wala haipandi. Siku niliyojikaza kuisema, nilimkuta peke yake, mashine imezimwa, nywele zake nyeupe kwa unga. Nikasimama mbele yake nikaanza. Mimi ndiye niliyemwambia mkunga. Mimi ndiye niliye...

Alifumba macho.

Kwa mtu wa kusikia, ungeweza kupaza sauti. Niliendelea hata hivyo, vidole vinamwambia mtu asiyeona, mpaka vikaishiwa. Alikaa vivyo hivyo, uso umetulia, kama mtu anayengoja mvua ipite.

Alipofumbua macho, mikono yangu ilikuwa imeshuka. Akavuta kibao, akakipangusa unga kwa mkono wa shati, akaniashiria nikae. Halafu akauliza kama mtoto amepona kikohozi.