Vidonge vya Mama Angani

Mzigo wa nondo ulipita juu ya kofia ya shemeji yangu, karibu kiasi kwamba angekuwa na nywele zingechanwa.

Alikuwa amesema "simama" kwenye redio. Nilimsikia. Hilo ndilo lililonitisha baadaye: nilimsikia vizuri kabisa, nikamwelewa, nikakubaliana naye, na mkono wangu ukabaki umelala juu ya kishikio kama mkono wa mtu mwingine anayetaka kufikiria kwanza. Ulipoamka, winchi ilisimama kwa kishindo, nondo zikabembea, na kule chini yeye alikuwa ameshajitupa kwenye lundo la mchanga.

Redio ikakoroma.

"Shemeji."

"Naam."

"Unaniona hapa nilipo?"

"Nakuona. Umelala kwenye mchanga."

"Basi tusilale wote wawili."

Mafundi wakaangua kicheko. Nami nikacheka, maana ile redio inasikika na jengo zima, msimamizi akiwemo, na mtu anayecheka haonekani mgonjwa.

Mimi ndiye ninayeendesha winchi, ile ndefu ya mnara, yenye kibanda cha vioo kileleni. Mafundi wananiita Mama Angani. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ndiye macho yangu ya chini. Anafunga mzigo, anasimama karibu nao, ananiambia pandisha, shusha, kushoto, simama. Mara nyingi mimi sioni mzigo unapotua. Nasikia sauti yake tu na kuifuata. Yeye mdomo, mimi mkono. Na sasa mkono ulikuwa unachelewa.

Mchana niliposhuka nilimkuta ananisubiri chini ya ngazi, mchanga bado umo masikioni.

"Hii ni mara ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Ya kwanza kwako. Mimi ninayeruka nahesabu tofauti."

"Usimwambie msimamizi, shem."

"Msimamizi simwambii. Namwambia kaka."

Hapo niliogopa kweli. Msimamizi angeninyang'anya kiti. Mume wangu angeninyang'anya na ngazi yenyewe.

"Nipe mpaka kesho. Kesho asubuhi naonana na daktari."

"Huyu huyu wa vidonge visivyofanya kazi?"

"Ataongeza."

"Si aliongeza? Na akaongeza tena? Safari hii akuandikie gunia?" Alisema kwa utani, lakini uso haukuwa na utani. "Sikiliza, shemeji. Mimi siwezi kukuelekeza nikiwa ng'ambo ya barabara. Kesho ukirudi ukasema uko sawa, nitakuamini na nitasimama chini ya mzigo. Kwa hiyo angalia utakachosema."

Ugonjwa wenyewe ulianza kwa adabu. Ulipiga hodi. Kwanza ikaja baridi: wenzangu wanavua mashati kwa joto, mimi nimekaa kwenye kibanda cha vioo kinachochemka kama birika, nimevaa sweta. Kisha uso ukajaa, sauti ikakwaruza, nywele zikaanza kubaki kwenye kitana. Choo kikawa habari ya wiki jana. Nalala, naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Mama mkwe aliniangalia nilivyonenepa na kusinzia mezani, akanivuta pembeni na kuninong'oneza, "Hongera, mwanangu."

"Mama," nikamwambia, "humu hamna mtu. Ni mimi tu nimeongezeka."

Zahanati ya mtaani wakasema damu imepungua, wakanipa vidonge vya kuongeza damu. Ndipo daktari wa hospitali kubwa akanipapasa shingo, akatoa damu ikapimwe, akaniambia kuna tezi hapa shingoni, thairoidi, ambayo huuambia mwili uende mwendo gani. Yangu ilikuwa imeingia gia ya kwanza ikasahau zingine. Akaniandikia kidonge kidogo cheupe, cha kila siku, cha maisha yote. "Asubuhi, tumbo tupu," akasema. "Sawa," nikasema. Damu ikapimwa tena: bado. Akaongeza. Bado. Akaongeza tena. Nikaanza kuamini kuna watu ambao dawa imewachukia tu, bila sababu, kama mwalimu fulani niliyewahi kuwa naye.

Asubuhi ile daktari, mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia, alisoma majibu mapya, akashika kalamu aongeze, halafu akaiweka mezani.

"Kwa kiasi hiki cha dawa ungekuwa unakimbia barabarani. Unavimeza kweli?"

"Navimeza kwa imani, daktari."

"Imani weka pembeni. Nionyeshe. Jifanye ndiyo asubuhi unaanza siku."

Mkoba wa kazini nilikuwa nao. Hapa lazima nieleze jambo ambalo watu wa chini hawalijui. Ukipanda winchi hushuki mpaka mchana, na huko juu hakuna choo. Kwa hiyo sisi wa angani tunaogopa maji kama paka. Nyumbani hatugusi kitu cha kunywa. Tunapanda wakavu, tukishakaa kwenye kiti tunapata funda moja la kufungua macho, na kila kinachotakiwa kumezwa kinamezwa kwa funda hilo hilo.

Nikatoa chupa ya chai, nikajaza kifuniko. Nikatoa vidonge: kile cheupe cha tezi, chekundu cha kuongeza damu, na kimoja kikubwa kama kifungo cha koti, cha kuimarisha mifupa, ambacho wifi yangu aliniletea kwa upendo. Nikavipanga kiganjani, nikajifanya navitupa mdomoni vyote, nikainua kifuniko.

"Hiyo chai," daktari akauliza polepole, "ina maziwa?"

"Tele. Kuna chai bila maziwa?"

"Na mimi nilikuambia tumbo tupu."

"Tupu kabisa! Sili kitu. Ni chai tu."

Akafumba macho kidogo, kama mtu anayeomba subira ishuke. "Mama. Hicho chekundu kina madini ya chuma, yanakikamata hiki cheupe tumboni. Hicho cha mifupa nacho kinakikamata. Maziwa vilevile. Kila siku unatuma mjumbe mmoja mdogo, halafu unamwekea mabaunsa watatu mlangoni. Nami badala ya kuuliza nani kamzuia, nikawa nakutumia mjumbe mnene zaidi."

Nilicheka mpaka nikakohoa. "Kwa hiyo nikiacha chai nimepona!"

"Ukiacha leo na kiasi hiki nilichokupandishia, chote kitaingia, moyo utakwenda mbio kama umefukuzwa na mbwa. Kwanza nashusha. Cheupe peke yake, ukiamka tu, na glasi ya maji matupu. Chai baada ya saa nzima. Hicho cha mifupa kitasubiri jioni, na chekundu nitapima kwanza kama unakihitaji. Baada ya wiki sita tutapima damu. Na usitegemee muujiza kesho. Hii dawa inajenga pole pole."

"Wiki sita?"

"Ndiyo. Si uliniambia kazi yako ni ya kukaa?"

"Ni ya kukaa."

"Ofisi ipi?"

Nikanyoosha kidole dirishani. Juu ya mapaa, mkono wa winchi yangu ulikuwa umenyooka mweupe, kimya. Daktari akauangalia. Akavaa miwani, akauangalia tena.

"Unakaa pale?"

"Sikudanganya, daktari. Kuna kiti."

Hakucheka hata kidogo. Aliandika kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. "Usipande mpaka nikuone. Mpe bosi wako hii."

Nilifika kazini nikakuta fujo. Lori lililoleta boriti za zege lilikuwa limeziba barabara, magari yanapiga honi, na msimamizi amesimama katikati anapunga mikono kama mtu anayezama.

"Mama Angani! Ulikuwa wapi? Panda, panda, unaniua!"

Karatasi ilikuwa mfukoni. Mkono wangu ukaishika. Haukutoka nayo.

Niseme ukweli kuhusu kile kiti. Nilibeba ndoo za zege kichwani miaka hadi shingo ikazama mabegani kabla mtu hajaniruhusu kugusa kishikio. Siku waliyonipandisha, walinipandisha kwa kuwa aliyekuwapo alikuja amelewa, na hadi leo wapo wanaume pale wanaosubiri nikohoe tu. Wiki sita nje ya kiti si wiki sita. Ni kumkabidhi mtu funguo za nyumba. Na boriti zenyewe zilikuwa chache. Nitazipandisha, nikawaza, halafu nitatoa karatasi. Dawa si imeshapatikana?

Nikapanda.

Katikati ya mnara kuna ubao wa kupumzikia. Zamani nilikuwa naupita kama siuoni. Siku hiyo nilikaa, kifua kinavuta, vidole vya baridi vimeng'ang'ania chuma. Redio ikafunguka.

"Shemeji. Daktari kasemaje?"

Nilichungulia. Alikuwa ameshafunga boriti ya kwanza, amesimama kati ya lori na ukuta, mahali pembamba kama mlango. Mchanga ulikuwa mbali.

"Kasemaje? Maana leo sina pa kuruka."

Nikabonyeza kitufe. Kila mtu alisikia pumzi yangu.

"Nyie, mambo ya ukoo yasubiri!" Msimamizi akaingilia. "Mama Angani, panda!"

"Shem?"

Alikuwa ameinua uso. Kwa umbali ule sikuyaona macho yake, niliona tu duara la kofia likifunguka kuelekea kwangu, na dole gumba limeinuliwa. Alikuwa ameshaniamini kabla sijajibu.

"Amesema nisipande," nikasema.

Nikaendelea kubana kitufe.

"Mkono wangu unachelewa. Jana kidogo nikuue, na haikuwa mara ya kwanza. Toka hapo chini, shem. Toka sasa hivi."

"Ukishuka hiyo ngazi," msimamizi akasema, sauti imeshuka, jambo lililo baya kuliko kelele zake, "kiti nampa mwingine."

"Nashuka."

Nilivyoshuka sitaki kukumbuka. Kila chuma nilikitafuta kwa ncha ya kiatu kama kipofu, na yale mawazo: wamekusikia wote, wote. Chini msimamizi aliichukua karatasi bila kuisoma. Lori lilikaa pale likitukanwa na madereva mpaka alipopatikana mwendeshaji kutoka jengo lingine, kijana mwenye mikono myepesi. Alipandisha boriti kama anapanga vikombe kabatini. Iliniuma kuona anavyojua.

Jioni mume wangu alikuwa ameshapata habari. Nikamsimulia ya chai na vidonge. Alileta jagi la maji na glasi, akaviweka kando ya kitanda upande wangu, akalala akiniangalia badala ya kunipa mgongo.

Msimamizi hakunifukuza; alifanya kibaya zaidi, alinipa fagio. Nikafagia chini ya winchi yangu mwenyewe. Kila nikiamka, glasi ya maji, kidonge cheupe peke yake, kisha saa nzima ya kuliangalia birika kama mpenzi niliyekatazwa. Mwanzoni hakikutokea kitu. Mwili ulikuwa ule ule, umeloa, mzito. Wale waliokuwa wakisubiri nikohoe waliniuliza hali kwa upole uliojaa furaha. Nikaanza kuhofia kwamba mabaunsa hawakuwa kosa. Kwamba mjumbe mwenyewe ndiye asiyejua njia.

Halafu, tukiwa tunakula, mama mkwe aligusa kikombe kwa kiwiko, kikaanguka kutoka mezani. Nikakidaka. Nilikuwa nimekidaka kabla sijajua kimeanguka. Kilikuwa kiganjani mwangu, kizima, na mimi nakitazama kama mtoto aliyeokotwa.

Nikakigeuza nikitafuta ufa.

"Nani kakufundisha?" mama mkwe akauliza.

Nililia, halafu nikacheka kwa kuwa nilikuwa nalia, na wifi akaniondolea kikombe asije akapata hasara.

Siku ya vipimo daktari alisoma majibu mara mbili. "Ile homoni ya kuihimiza tezi imeshuka vizuri. Bado kidogo kufika mstarini, lakini sasa inasikia." Akanigonga goti kwa kinyundo, mguu ukaruka nusura umpige. "Mara nyingine tena," akasema, naye sasa akitabasamu. Alinirudisha fagioni mpaka kipimo kilichofuata. Cha pili ndicho kilichokaa mstarini, ndipo akaandika nipande.

Msimamizi aliisoma karatasi safari hii, mpaka chini.

"Kijana anabaki na boriti mpaka jengo liishe," akasema. "Wewe utapandisha mchanga, yeye akipumzika. Ndoo tu. Nikiona kitu, umeshuka."

"Ndoo ni heshima kubwa."

"Usinitanie."

"Sitanii, bosi. Ni uso tu ulivyo."

Nilipanda. Kwenye ubao wa katikati sikukaa, ila nilisimama, kwa adabu. Nikafunga mlango wa kibanda, nikashika kishikio. Kilikuwa kina moto wa jua, na nikausikia.

"Shem, uko tayari?"

"Tayari."

"Sikuoni. Uko wapi?"

"Nipo ng'ambo ya barabara."

"Si ulisema huwezi kuelekeza ukiwa huko?"

"Nimejifunza. Nakupenda sana, shemeji, lakini nina watoto. Pandisha."

Nikapandisha. Akasema simama, ikasimama. Nikashusha. Ndoo iliyofuata nilimwona ameshavuka barabara kurudi upande wetu, kajificha nyuma ya nguzo, kofia tu inachungulia. Iliyofuata, kofia na bega. Nikaendelea kupandisha mchanga, taratibu, bila kumwita.