Wakulima Hewa

Asubuhi mzee Osundwa alipoingia ofisini nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikuinua hata kichwa. Miezi minane nilikuwa nimekalia kiti kimoja mjini Kakamega, juu ya duka la mbegu, nikikiandikia chama cha wakulima wa miwa programu ya Java. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza, na ndiyo maana kila mtu alidhani ni rahisi kuifanya. Karani aliye Butere anaandika jina la mkulima kwenye kompyuta yake, swali linapita kwenye laini ya simu hadi kwenye seva yetu, programu yangu inapekua hifadhidata na kumrudishia jibu: shamba la nani, lilipandwa lini, zamu yake ya kukatwa ni ya ngapi. Zamani karani alilazimika kufunga safari hadi Kakamega kuja kufungua makabati.

Programu niliimaliza kwa miezi mitatu. Mitano iliyobaki ililiwa na kadi. Zilikuwa elfu tisa, nyingine zimetafunwa na mende, nyingine zimeandikwa na makarani waliokwisha kufa, nami nilizipiga taipu moja moja huku stima ikipotea kila inapojisikia. Meneja wetu, Hezekiah Makhanu, alipita mlangoni kila siku kuuliza tumefika wapi. Nilimjibu kwa adabu na kumtukana kimoyomoyo.

Januari ya mwaka wa tisini na tisa nilifanya jambo nikajivunia. Niligundua rekodi mia mbili na kumi na mbili zilizofanana na nyingine kwa kila kitu: jina la mkulima, jina la baba, lokesheni, namba ya ploti, ekari, mwezi wa kupanda. Huko Nairobi nilikosomea nilifundishwa kwamba rekodi mbili za namna hiyo ni kosa la karani aliyeandika mara mbili. Nikaandika amri ya mstari mmoja, zikafutika zote, zikabaki zile zilizofanana nazo. Makhanu alifurahi kupita kiasi. Miaka mingi alikuwa akilalamika kwamba foleni ya kukatiwa miwa imejaa wakulima hewa, na sasa msichana wa kompyuta amewafyeka kabla ya chai ya saa nne. Alinisifu mbele ya wajumbe wa chama. Nilivimba kichwa, sikatai.

Sasa ilikuwa Jumanne moja ya Machi, na mzee Osundwa alikuwa ameketi kwenye benchi akingoja nimalize ninachokifanya. Alikuwa mtu wa miaka sitini hivi, mpole, viatu vimejaa tope. Alinieleza kwamba miwa yake ilikuwa na miezi thelathini na mmoja shambani. Ilikuwa imetoa maua na kuanza kukauka kwa ndani. Kiwanda kingefungwa Jumamosi kwa matengenezo ya wiki sita, na isipokatwa kabla ya hapo ingegeuka kuni. Alikuwa amekwenda mara tatu kwa Musimbi, karani wa Butere, na mara zote tatu kompyuta ilisema miwa yake ilikwisha katwa.

Niliandika jina lake. Jibu likaja upesi, programu yangu haikuwa na uvivu: Osundwa Makokha, ekari mbili, imekatwa tarehe tisa Februari. Nikamgeuzia kioo cha kompyuta asome mwenyewe, na kusema kweli nilikuwa nimeanza kumwona mzee mwongo.

"Huyo si mimi, mama," alisema taratibu. "Huyo ni ndugu yangu wa nyumba kubwa. Mimi ni wa nyumba ndogo. Babu Osundwa alikufa wakati mama zetu wote wawili wako na mimba, kila moja akaita mtoto yake Osundwa. Na baba alikuwa anapendanga haki. Shamba alipima na kamba, ekari mbili kwa huyu, ekari mbili kwa ule. Tulipanda siku moja, na trakta moja."

Nilimuuliza kuhusu namba ya ploti. Akasema hati ya shamba bado ina jina la baba yao, kwa hiyo namba ni moja, maana hawajagawanya kwa karatasi.

Mimi si mgeni wa mambo haya. Kwetu Shinyalu tuko akina Mideva wawili, mimi na binti wa baba mkubwa, wote tumepewa jina la nyanya mmoja, na tangu utotoni nimechapwa kwa makosa yake. Nililijua jambo hili kabla sijajua kusoma, nikaenda kulisahau kwa sababu ya cheti.

Nikafungua kabati la kadi. Kadi za Osundwa Makokha zilikuwa mbili, zimefanana neno kwa neno, ila kila moja ilikuwa na alama yake ya dole gumba. Dole gumba halipigwi taipu. Nikatoa nakala niliyohifadhi kabla ya kufuta na kuanza kulinganisha majina na kadi, na kila niliyemtafuta alikuwa na kadi yake na dole lake. Wazee waliopendelea mke mmoja, watoto wao walibaki salama kwenye hifadhidata yangu, maana ekari zao hazikulingana. Niliowafuta ni watoto wa baba wenye haki. Niliona haya mpaka nikashindwa kumtazama yule mzee usoni.

Nilikwenda kumweleza Makhanu. Alifunga mlango kwanza. Akasema nimrudishe huyu mmoja aliyejitokeza na kumpa kibali chake cha kukatiwa. Wengine tungewarudisha polepole baada ya Alhamisi, wajumbe wakishakuja kuiona programu ikifanya kazi. Alisema bila ukali, kama mtu anayenionea huruma.

Na nilitamani kumsikiliza. Rekodi moja ni kazi ya dakika mbili. Akirudi peke yake, Osundwa angekuwa wa ishirini na moja kwenye foleni, na wakata miwa waliokuwapo wangeweza kumaliza mashamba arobaini hadi Jumamosi. Angeniombea baraka, nami ningekwenda nyumbani kulala. Lakini foleni inafuata mwezi wa kupanda, na kati ya wale wengine walikuwamo waliopanda kabla yake, ambao Musimbi alikuwa akiwaambia miwa yao ilikwisha katwa. Nikawarudisha wote. Programu ikaipanga foleni upya yenyewe, bila kumwonea mtu huruma. Makhanu aliniambia nimalizie mwezi tu, nisirudi Aprili.

Nilitoka hadi kwenye benchi.

"Jina lako limerudi, mzee."

"Mimi ni wa ngapi?"

"Wa sitini na tatu. Watafika arobaini tu."

Nilikuwa nimechoka hata kudanganya, kwa hiyo nikamwambia yote: kwamba mkono wangu ndio uliomfuta, kwamba meneja alitaka arudi peke yake, na kwamba hivyo angekatiwa Alhamisi. Alinisikiliza akiangalia viatu vyake.

"Kama ningekaa nyumbani," aliuliza, "hao wengine wangejua walifutwa?"

"Wasingejua."

"Kwa hivyo nimetembea mpaka hapa kuwaletea hao zamu."

Machozi yalinitoka, nikayaacha.

"Sitakushukuru, mama," alisema. "Usingoje hiyo. Lakini andikia mimi hiyo majina ya watu ya Butere. Lazima mtu awaambie wakate njia, trakta ipate kuingia shamba. Karani hatafikia wote, na mimi ninapitanga huko."

Nikamchapia majina ya arobaini wa kwanza. Kumi na saba walikuwa wa upande wa Butere, nikawawekea alama kwa kalamu. Aliisoma karatasi pale pale amesimama, polepole, mpaka jina la mwisho, akahakikisha lake halimo. Kisha akaikunja, akaitia mfukoni na kushuka ngazi.