Kibanio Kilichorudi Kimefungwa

Wavuvi wa starehe walimwita Mama Kibanio, naye aliitikia, maana jina halichubui mtu. Alikuwa mlinzi wa bwawa, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwarudisha chini samaki waliovuliwa kilindini. Samaki wa huko akivutwa juu, tumbo huvimba, macho humtoka, na hata ukimwachia hawezi kuzama tena. Huelea mpaka afe. Basi alimbana mdomo kwa kibanio chenye chubwi, kipande kizito cha risasi, akamteremsha kwa kamba hadi chini, akaitikisa kamba, kibanio kikafunguka na samaki akaenda zake.

"Kapanda kwa lifti, ashuke kwa lifti," aliwajibu waliomcheka.

Kibanio hicho alikitengeneza mumewe, ambaye kilindi hichohicho kilimmeza pamoja na mtumbwi. Walimtafuta wakachoka; hakikuonekana hata kiatu. Mke akabaki mjane asiye na kaburi la kupalilia, na hilo lilimuuma kuliko kifo chenyewe.

Asubuhi moja kibanio, ambacho siku zote hurudi wazi, kilirudi kimefungwa. Uzi ulikuwa umezungushwa kwenye meno yake na kupigwa fundo, vilevile mumewe alivyozoea kuufunga kila jioni ili mkewe asichomwe vidole. Kesho yake ikawa hivyo tena.

Hakumwambia mtu. Badala yake, yeye mlinzi, akaanza kuwaelekeza wavuvi kilindini ili apate samaki wa kuteremsha. Samaki wengi walikufa kabla hajawafikia. Aliwaona wakielea matumbo juu, akanyamaza.

Shemeji yake, mwenyekiti wa chama cha wavuvi, alimfuata gatini.

"Shemeji, kibanio hakitoshi tena. Nataka kilindi kipumzike kabisa, watu wavue ukingoni tu. Lakini ukikataa wewe, wanachama hawatanisikiliza."

"Nipe mpaka mchana."

"Una nini na kile kilindi?"

"Nina ndugu yako mle."

Mwenyekiti aliinamisha kichwa. "Maji yakimwagika hayazoleki, shemeji."

"Haya hayajamwagika. Yako palepale."

Mama Kibanio akapiga kasia peke yake hadi kilindini, jua likiwa kali, maji yametulia kama ya mtungini. Aliteremsha kibanio kitupu. Kilipofika chini, kamba ilishikwa taratibu, kama mtu anavyokupokea kikapu mlangoni. Akavuta. Uzito ukaja bila kubisha.

"Njoo, mume wangu," alisema huku akilia. "Njoo tukuzike."

Kwanza aliliona shati la buluu. Kisha vidole vikiwa vimeikumbatia kamba. Halafu uso, uleule, haukuzeeka wala kuoza, ukimtazama yeye. Furaha ilimjaa mpaka akasahau kuogopa.

Ndipo shati likaanza kutuna tumboni. Vifungo vikakatika kimoja kimoja. Macho yakaanza kumtoka, na kinywa kikafunguka na kufumbika, kikafunguka na kufumbika, bila sauti. Vidole havikuiachia kamba. Vilitetemeka tu.

Mama Kibanio alikuwa ameyaona macho kama hayo mara nyingi mno; alijua yanaomba nini. Alilegeza kamba polepole, asimshtue, mpaka shati likapotea na chubwi ikagusa chini.

Shemeji yake bado alikuwa gatini.

"Kilindi kifungeni leo hii," alimwambia. "Tukimvuta, anaumia."