Paka wa Yusta na Sumu ya Alhamisi

Haya ni kweli tupu. Nikiongeza hata punje, jembe linikate mguu.

Mwaka tisini na saba, serikali ilipokwisha kuwaachia madaktari wa mifugo wajitegemee, Daktari Rubeni alifungua chumba chake Lushoto mjini, akaleta ultrasaundi ya kupimia mimba za ng'ombe. Ilipandishwa kutoka Mombo na wanaume wanane.

Asubuhi moja mezani pake alilala Mkaguzi, paka wa Yusta wa Gare, mlinzi wa mahindi ya darini. Alibaki ngozi na masharubu. Kila alichokula alikitapika. Yusta alimshika miguu, lakini hasira yake ilikuwa kwingine. Jirani yake Salama, aliyelimiana naye kwa zamu miaka ishirini, leo matuta yangu kesho yako, ndiye aliyemtegea paka sumu. Mzee Zuberi alimwona kwa macho yake, Alhamisi moja mwezi uliopita. Zamu tatu sasa Yusta hajaenda kulima kwa Salama, wala salamu yake haitikii. Mtu uliyemwachia hata ufunguo wa nyumba!

Daktari alinyoa tumbo, akapaka jeli baridi, akapitisha kifaa.

"Tazama kiooni, mama. Utumbo wenye afya una matabaka, kama matuta ya mlimani kwenu. Sasa ona hapa."

Matabaka yalikoma. Palikuwa na donge jeusi, kama mlima umeporomoka ukayazika matuta yote.

"Ndiyo kazi ya sumu hiyo?"

"Sumu haioti, mama. Uvimbe huu ni wa miezi. Nadhani ni saratani, ila siapi kwa picha peke yake."

Akachoma sindano, akavuta chembe, akaziinamia kwenye hadubini kitambo kirefu. "Ni saratani," akasema. "Pole."

Yusta alimfunika paka kwa khanga taratibu, kisha akamgeukia Zuberi aliyembebea kikapu cha paka.

"Shikamoo, Mzee Zuberi." Nao walishaamkiana tangu alfajiri.

"Marahaba."

"Alhamisi ile ulimwona Salama akitupa dagaa wenye sumu."

"Nilimwona akitupa dagaa."

"Na sumu?"

Zuberi akaigeuzageuza kofia yake. "Kisa cha paka anayekonda tu, mwanangu, nani angekaa kukisikiliza?"

"Nilikuamini kama baba. Miaka ishirini yangu na Salama umeigeuza kicheko cha barazani."

Siku ile Yusta alipiga hodi kwa Salama, akaachwa kizingitini muda mrefu kabla ya kuambiwa karibu. Wakakata shauri wao wawili: zamu tatu za Yusta atazilima Zuberi, na kila atakayepita njiani atamsimulia kisa upya, bila chumvi.

Zuberi ndiye mimi. Niko tuta la sita, shambani kwa Salama. Wao wamekaa juu kule, bado hawajasogeleana sana.

"Wanaume wanane?" Yusta anauliza. "Mashine si Daktari aliibeba mwenyewe, kwenye sanduku moja?"

"Mwongezee tuta," anasema Salama.

Nainua jembe, nikiuchunga mguu.