Nyuma ya Kalenda

Nisiwafiche, mimi ni mwanamke mwenye wivu. Mama yangu alikuwa hivyo hivyo, na bibi yangu alimzidi. Doyle, mume wangu, akiisifu kahawa ya mhudumu wa mgahawani, mimi kahawa ile naiona chungu papo hapo. Kwa hiyo Twyla Pruett alipojiunga na klabu yetu ya shabaha mwezi wa tatu, mjane wa miaka hamsini na miwili mwenye kicheko cha kutokea tumboni, nilijua mwaka huo utakuwa mrefu.

Klabu yetu iko nje ya mji, hapa kusini mwa Missouri, kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa. Aliyeianzisha ni Orval Beasley, ambaye sasa ana miaka themanini na moja, haisikii dunia lakini anasikia mtu akivunja kanuni. Doyle hufundisha wanaoanza. Mimi ni msimamizi wa mstari wa kufyatulia, na filimbi ni yangu. Nikiipuliza, kila mtu anaweka bastola mezani na kurudi nyuma, hata awe sherifu, mkuu wa polisi wetu, ambaye naye ni mwanachama. Kwa miaka kumi na saba filimbi hiyo imening'inia shingoni mwangu, na kwa miaka hiyo yote hakuna mtu aliyeumia pale hata ukucha. Nilijivunia jambo hilo kuliko pete yangu ya ndoa.

Pete naitaja kwa sababu ya sarafu. Doyle ana sarafu kongwe ya fedha aliyoachiwa na babu yake. Unahakikisha bastola ni tupu, unailaza sarafu juu ya mtutu karibu na kilengeo cha mbele, kisha unabana kifyatulio taratibu. Sarafu ikianguka, mkono wako umetikisika. Miaka thelathini na moja iliyopita, nyuma ya ghala la baba yake, Doyle alisimama mgongoni kwangu akaiweka sarafu hiyo juu ya mtutu wangu. Ilipokaa mara kumi bila kuanguka, aliniposa. Sasa hebu sikilizeni aliyonieleza siku moja mwezi wa tano, huku akijipakulia maharage kama mtu asiye na kosa.

"Twyla ana mkono mtulivu, Nadine. Nimemwachia ile sarafu afanyie mazoezi nyumbani."

"Sarafu ipi?"

"Ile ya babu."

"Missouri nzima hamna sarafu nyingine?"

"Ile ina uzito mzuri."

"Na uzito wake yeye umeuonaje?"

Doyle alicheka mpaka maharage yakampalia. "Mama wee! Kwa umri huu bado unanionea wivu? Shukuru, basi. Wenzako waume zao hawaibiki."

Sikucheka. Kwenye shindano la mwezi huo Twyla alikuwa wa pili, nyuma yangu kwa pointi mbili tu, naye hakuwa na hata miezi mitatu tangu ashike bastola. Watu walimpigia makofi kuliko walivyonipigia mimi. Alikuja akanikumbatia, akaniambia, "Dada Nadine, nikikua nataka kuwa kama wewe." Watu wakacheka. Mimi nilihesabu meno yake yote.

Hapo ndipo mazoezi yangu yalipoongezeka. Kila siku baada ya chakula cha mchana niliingia chumbani kufanya mazoezi makavu, yaani bila risasi. Ukikaa bila mazoezi mkono unasahau, na mkono unaosahau ni hatari kwa mwenyewe na kwa jirani. Utaratibu wake niliufundisha mimi mwenyewe kwa watu mia na zaidi. Unachomoa magazini yenye risasi, unaitoa risasi iliyobaki kwenye chemba ya mtutu, unatazama kwa jicho na kugusa kwa kidole. Risasi zote unazipeleka chumba kingine. Zangu nilikuwa naziweka jikoni, kwenye kopo la unga. Unalenga mahali ambapo risasi haiwezi kupita, nami nililenga dohani letu la mawe linalopita chumbani. Ukimaliza, unatamka kwa sauti, "Mazoezi yamekwisha," na ukishajaza risasi hurudii tena. Hata mara moja. Tunaambizana hivyo kwa sababu shetani wa mazoezi makavu ni ile "mara moja tu ya mwisho."

Juni ikaja. Wajukuu wa Twyla walikuwa wanakuja kumtembelea, naye akanunua sefu ya bastola. Sefu kama hiyo inapaswa kufungwa sakafuni kwa bolti, na bila shaka mnajua aliombwa nani. Sikuwa na hoja. Mimi ndiye ninayewahubiria watu kwamba bastola isiyofungiwa ni ya yeyote anayepita. Doyle alichukua kalamu akaandika kwenye kalenda ya chumbani, chini ya Alhamisi: "Twyla, sefu, saa tisa." Aliandika kwa herufi kubwa. Siku yangu ya kuzaliwa, wiki moja kabla, aliiandika kwa herufi ndogo.

"Saa tisa si ndiyo saa yako ya kukaa kwenye kiti?" nilimuuliza.

Kila mtu mjini anajua kwamba saa tisa mpaka saa kumi na moja Doyle yuko kwenye kiti chake sebuleni, redio ikitangaza mpira wa besiboli na yeye akikoroma. Mwaka aliofanyiwa upasuaji wa goti, watu wa kanisani walimletea chakula kwenye kiti hicho.

"Kiti hakitakimbia," alisema.

"Mimi nikikuomba unitengenezee bomba la jikoni, kiti kinakufunga kamba."

"Bibi, nenda kafanye mazoezi yako. Jumamosi Twyla atakupita."

Alikuwa anatania. Alichukua kofia na boksi la vifaa akaondoka akipiga mluzi. Doyle hapigi mluzi nyumbani.

Nilifanya mazoezi kwa saa nzima, nikilenga dohani. Nilichomoa, nikalenga, nikabana, nikarudisha, mpaka bega likauma. Kisha nikasema kwa sauti, "Mazoezi yamekwisha." Nikaenda jikoni, nikatoa risasi kwenye kopo, nikaijaza bastola na kuirudisha kwenye ala kiunoni, kama ninavyokaa nayo kila siku. Nilirudi chumbani kuchukua miwani yangu. Kalenda ilikuwa mbele yangu, imetundikwa chini, juu tu ya kabati la droo. TWYLA. Nikauona ule mkono mtulivu, nikaiona sarafu imekaa juu ya mtutu wake, na Doyle amesimama nyuma yake. Mkono wangu ukashuka kiunoni. Mara moja tu ya mwisho, nilijiambia. Nikalenga jina lake nikabana.

Mlio wa bastola ndani ya nyumba si kama wa uwanjani. Masikio yalizibwa na kengele, na vumbi jeupe la ukuta likanijaa usoni. Niliiweka bastola juu ya kitanda, nikarudi nyuma kama vile kuna mtu amepuliza filimbi. Jina la Twyla lilikuwa na tundu katikati.

Kuta za ndani za nyumba zetu ni jasi tupu, hazizuii hata kikohozi. Nyuma ya kalenda ni sebule. Nilipofika sebuleni nililiona tundu la pili ukutani, na la tatu mgongoni mwa kiti cha Doyle, na la nne mbele ya kiti, pamba imetoka nje. Risasi yenyewe ilikuwa imezama kwenye mguu wa kabati. Nilipiga magoti nikapima kwa kiganja. Usawa wa ubavu wa kushoto, chini kidogo ya bega. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na robo.

Nililia, ndiyo. Lakini nilipomaliza kulia, nilifanya nini? Nilichukua blanketi nikalifunika kiti. Kalenda nikaitupa kwenye pipa la taka la nje, na mahali pake nikatundika picha ya harusi yetu. Mimi niliyewafundisha wengine kusema ukweli kuhusu silaha nilikuwa nafagia vumbi la jasi kama mwizi.

Doyle alirudi saa kumi na mbili na pai ya pichi. "Twyla anakusalimu. Hii ni yako, amesema usinigawie." Akaenda moja kwa moja kwenye kiti. "Blanketi la nini na joto hili?"

"Kiti kimechakaa. Nimeona aibu."

"Aibu ya nani? Hatuna wageni." Akakaa, akaegemea. Niliuona mgongo wake ukitua juu ya lile tundu. Nilikwenda jikoni nikafungua bomba ili asinisikie.

Siku mbili nilikaa na jambo hilo tumboni. Sheria ya Orval inajulikana: aliyefyatua bila kukusudia, popote alipo, atasimama mbele ya watu na kujibu maswali matatu, kisha ataondolewa kwenye mstari mwaka mzima na kuanza upya darasa la wanaoanza. Kwingine watu husema ajali haina kinga. Ukimwambia Orval maneno hayo, anakutemea tumbaku karibu na kiatu. Kwa hiyo nikisema, filimbi imekwenda. Na nisiposema, nani angejua? Wenye kujua ni mimi, picha ya harusi na blanketi.

Jumamosi watu arobaini walikusanyika mbele ya meza. Twyla alikuwa mstari wa mbele, viziba masikio vimening'inia shingoni, akinipungia mkono. Doyle alikuwa kando na vibao vya shabaha. Nikaanza kusoma kanuni, kama kila mwezi. Kila silaha ichukulie kuwa ina risasi. Usiielekeze usipotaka kuharibu. Kidole mbali na kifyatulio. Ikafika ya nne.

"Jua unacholenga," nikasema, "na jua kilicho nyuma yake."

Baada ya kanuni, msimamizi huuliza swali moja kabla ya kupuliza filimbi. Nimeliuliza mara mia mbili, na mara mbili tu mtu amejibu.

"Kuna mwenye la kusema?"

Mtu alikohoa. Filimbi ilikuwa tayari mdomoni. Nikamtazama Doyle, anajikuna mgongo kwenye nguzo, palepale chini ya bega la kushoto. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo chenyewe hakikuwa changu. Nikaitoa filimbi mdomoni.

"Mimi ninalo," nikasema.

Orval aliinuka kwenye kiti chake cha kukunja, akaweka mkono sikioni. "Nani?"

"Mimi, Orval. Nadine. Alhamisi, nyumbani kwangu."

Watu walidhani natania, wengine walicheka. Orval hakucheka. Aliuliza swali la kwanza kama alivyowauliza wale wawili wa zamani. "Ulikuwa unafanya nini?"

"Mazoezi makavu. Nilikuwa nimemaliza, nimeshajaza. Nikarudia mara moja."

Minong'ono ikapita. Kila mmoja pale anamjua huyo shetani.

"Ulilenga nini?"

Ningeweza kusema kalenda. Isingekuwa uongo.

"Jina la Twyla," nikasema. "Doyle aliliandika kwenye kalenda. Nilikuwa na wivu. Nina wivu sasa hivi ninavyosema."

Twyla alifunika mdomo. Uso wa Doyle uliiva kama nyanya, na sherifu akaanza kukagua kamba za viatu vyake.

"Na nyuma ya jina," Orval akauliza, sauti yake imeshuka, "kulikuwa na nani?"

"Kiti cha Doyle. Risasi imepita usawa wa ubavu wake."

"Saa ngapi?" akaongeza la nne.

"Saa kumi na robo."

Hakuna aliyeuliza zaidi, maana wote wanaijua saa hiyo na kiti hicho. Doyle alipeleka mkono nyuma, taratibu, akajigusa chini ya bega. Aliyezungumza ni Twyla.

"Kumi na robo alikuwa sakafuni kwangu anaitukana bolti."

Nilivua filimbi nikampa Orval. Bastola yangu nilimkabidhi Doyle, tupu, chemba wazi, kama tunavyokabidhiana siku zote. Anayepokea hukagua tena, hata kama anayempa ni mkewe. Siku zote Doyle hukagua mara moja. Siku hiyo alikagua mara tatu.

Tulipofika nyumbani alilitoa blanketi, akachuchumaa nyuma ya kiti chake, akaingiza kidole kidogo kwenye tundu mpaka kikazama chote. Nilisimama mlangoni nikingoja anitukane, kwa sababu mimi ningetukana.

"Kumbe ungenipata," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Nawe ulikuwa unamlenga yeye."

"Ndiyo, Doyle."

Alikalia kiti, akajiegemeza hapo hapo penye tundu. Hajakitengeneza mpaka leo. Kila mchana anakaa na tundu lile mgongoni, na kila mchana ninalazimika kulitazama. Jumanne naanza darasa la wanaoanza. Tutakuwa wawili meza moja, mimi na Twyla, na mume wangu atakuwa anatuwekea sarafu kwa zamu. Wivu bado ninao. Ulinichoma tena jana, alipovaa kofia na kuchukua boksi lake la vifaa.

"Twyla anataka rafu jikoni," alisema, jicho lake kwangu, anangoja. "Nisiende?"

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia tisa. Nilikitazama kile kiti.

"Nenda," nikamwambia. "Na ukae huko mpaka jioni."