Chumba cha Baridi Pajulu

Jumanne mchana, mwanamke mmoja kutoka Manibe aliingia katika chumba cha Patience akiwa na beseni la mihogo mikavu kichwani, akauliza foleni ya kusaga inaanzia wapi. Patience alimweleza kwamba hapa si kwa mashine ya unga, ni kwa kompyuta ya gemu. Mwanamke akatega sikio tena, akatikisa kichwa, akasema basi hiyo kompyuta imekosea kazi. Akatoka na beseni lake.

Hakuwa wa kwanza. Kompyuta yenyewe ilikuwa boksi jeusi lenye kioo ubavuni na taa zinazobadilika rangi, na feni ndani yake zilinguruma kiangazi chote bila kuvuta pumzi. Waendesha bodaboda na walimu wa shule ya msingi walikuja kucheza mpira humo, wakishangilia na kulaumiana, na bado kompyuta iliwashinda kwa sauti. Acidri, mwendesha boda ambaye hakuna mtu Pajulu aliyewahi kumfunga, alikuwa ameshazoea kudai penalti kwa mikono.

Tatizo lilikuwa ukuta. Upande wa pili alilala Shamim, muuza chapati, ambaye huamka kabla ya jogoo na kulala mchana. Shamim si mtu wa ugomvi. Aligonga ukuta kwa mwiko, basi. Siku moja Acidri akamjibu kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Shamim akajibu kutoka upande wa pili kwamba ng'ombe hakandi unga alfajiri. Hapo Acidri akaomba radhi, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu anunue pikipiki.

Habari za mwiko zikamfikia mwenye nyumba, Mzee Dramadri. Alikuja jioni ya Jumanne hiyohiyo, kofia mkononi, akasimama mlangoni kwa adabu zote. Dramadri alikuwa kaka mkubwa wa baba yake Patience, na hata siku moja hakuwahi kumpandishia sauti.

"Binti yangu," alisema, "hii mashine yako nasumbua watu. Ijumaa mimi nakuja. Kama bado iko na makelele, wewe natoka."

"Sawa, Baba," alisema Patience.

Chumba kingine cha kupanga kisingekosekana hapa Pajulu wala kwingine Arua. Lakini vyumba hivi vya Dramadri vilisimama katika uwanja wa nyumba ya Ayiko, baba yake Patience, dereva wa jeshi aliyeondoka na lori mwaka mmoja na hakurudi, yeye wala lori. Na kwa watu wa huku, ukidai uwanja, swali la kwanza ni umezika nani hapo. Ayiko hakuwa na kaburi. Mkewe alikuwa nalo. Jina lake Poni, binti wa Koboko, mama yake Patience, na alikufa mtoto akiwa bado ananyonya. Ayiko alimzika uwanjani, akamwekea saruji pana ya kifahari, ambayo majirani walianikia mihogo yao kama desturi. Kisha lori likaondoka, na mtoto akapelekwa Inde kwa shangazi.

Aliporudi akiwa mtu mzima, Patience alikuta vyumba, choo cha nje na kamba za kuanikia nguo. Kaburi hakuliona. Dramadri alimwambia kwa huzuni kwamba watu wa Koboko walikuja wakamfukua dada yao wakaondoka naye, maana ng'ombe wa mahari hawakuisha kulipwa. Patience akaenda Koboko. Mjomba wake Sulaimani, mfanyabiashara wa vitenge, akasema hawajawahi kumfukua mtu; dada yao walimwacha Arua. Basi ikawa hivyo: Arua walisema Poni yuko Koboko, Koboko walisema Poni yuko Arua. Maiti anaweza kukaa katikati ya barabara namna hiyo miaka mingi bila mtu kumdai nauli.

Patience alichofanya ni kupanga chumba kimoja, akilipa kama wageni wengine, ili angalau mguu wake mmoja ubaki kwa baba. Sasa mguu huo ulikuwa utolewe kwa sababu ya feni.

Jumatano akaifungua kompyuta. Ndani alikuta vumbi jekundu la kutosha kuotesha vitunguu. Alilitoa kwa brashi ya kupakia rangi, akafuta pesti ya kupoza iliyokauka juu ya prosesa na kupaka mpya aliyopata kwa fundi wa simu sokoni. Feni mbili ndogo zenye sauti ya mbu akazitoa, akaweka moja kubwa, ya polepole. Alikata tyubu ya baiskeli vipande vipande akavipachika kwenye skrubu, ili mtetemeko usipite kwenye bati. Mwishoni akaingia kwenye mipangilio, akazipunguzia feni mwendo.

Kelele ikashuka mpaka mtu aliweza kusikia kuku wa nje. Ndipo joto likapanda. Acidri alikuwa amerudi nyuma hatua zake za kupiga penalti, fainali, dakika ya mwisho, kompyuta ikazimika yenyewe. Ilibidi wamletee maji. Patience akaongeza mwendo wa feni, Shamim akagonga mwiko. Akapunguza, kompyuta ikazimika. Kelele na joto ni mapacha: ukimbeba huyu, yule analia.

Alhamisi mchana, jua limewaka juu ya mabati, alifanya jambo la mwisho alilolijua. Kwenye kona ya chumba sakafu ilikuwa ya namna mbili. Palikuwa na kipande kirefu cha saruji laini, ya zamani, isiyofanana rangi na ile nyingine, na hapo ndipo Patience alipokuwa akiweka mtungi wake kwa kuwa maji yalipoa vizuri. Akahamisha mtungi. Akaiteremsha kompyuta kutoka mezani, akaisimamisha pale juu ya vipande vya tyubu, akawasha gemu.

"Zima ile feni yote," ilisema sauti ya mwanamke. "Mimi tapuliza."

Alikuwa ameketi kando ya boksi, miguu yake bado iko ndani ya saruji mpaka magotini, kama mtu aliyekaa ukingoni mwa kijito. Alivaa kitenge cha mtindo ambao hauuzwi tena. Patience alimtambua kwa kidevu, ambacho yeye mwenyewe hukiona kila asubuhi kwenye kioo. Kwa umri, mama alikuwa mdogo kuliko mwanawe.

Patience akazima feni. Poni akainama, akaanza kupuliza kwenye matundu ya boksi, taratibu, kama anayepoza uji wa mtoto. Namba za joto kwenye skrini zikaanza kushuka, zikaendelea kushuka, zikatulia mahali ambapo Patience hakuwahi kuziona. Kompyuta haikutoa hata mlio. Patience alimuuliza mama yake kama amekula. Poni alisema atakula baadaye, mutu hapana puliza na kutafuna pamoja. Patience akakaa chini karibu naye, akalia kidogo kwa furaha, kisha akaenda kufungua mlango, maana wateja walikuwa wanasubiri.

Acidri aliingia, akamsalimia mama, akamwomba ainame kidogo kushoto ili aone goli. Shamim alilala mchana kutwa. Alipoamka alileta chapati mbili kwa shukrani, akaona wageni wameongezeka, akarudi kuchukua ya tatu.

Ijumaa Dramadri akaja na kofia yake. Alisimama mlangoni akisikiliza, na uso wake ukashuka kidogo kwa sababu hapakuwa na cha kusikiliza. Akaingia. Akahisi ubaridi kwenye vifundo vya miguu, akatazama kona.

"Poni," alisema. "Siku mingi."

"Siku mingi, shemeji," alisema Poni, akaendelea kupuliza.

Dramadri aliuliza habari za huko, akaambiwa nzuri. Akavaa kofia, akaenda zake. Hakutaja tena habari ya kuhama.

Patience akampigia simu Sulaimani. Mjomba alifika kutoka Koboko na basi la asubuhi, amebeba sukari na mkeka. Alitandika mkeka, akakaa mbele ya dada yake, akamtazama muda mrefu, na machozi yakamtoka bila kuyafuta. Walizungumza Kikakwa, lugha ya kwao, habari za nani ameoa na nani ameuza duka. Kisha Sulaimani akapiga magoti, akapapasa ile saruji laini kwa viganja mpaka pembeni, akakuta alama ya chini ya debe iliyogandamizwa siku saruji ilipokuwa mbichi. Debe hilo alilitua yeye mwenyewe siku ile, kwa uchovu, na Ayiko akamgombeza.

Basi mambo yakawa wazi. Dramadri alipojenga, fundi wake aliona hasara kuvunja saruji nzuri kiasi kile. Akaisawazisha na sakafu mpya, akapandisha ukuta kando yake, na chumba kikapata kona iliyokwisha tayari. Hapakuwa na mtu aliyefukuliwa. Sulaimani alisema njia ya mwongo ni fupi. Patience alikuwa na hasira, maana aliona njia ya Dramadri ilikuwa na urefu wa kutosha kujengewa vyumba na choo cha nje.

Mwenyekiti wa kijiji, Igga, akaitisha kikao. Kilifanyika humohumo chumbani, kwa sababu nje kulikuwa na joto. Wazee walikaa kwenye benchi la wateja, na Acidri akaombwa asimamishe mchezo. Patience alisema maneno machache: baba yake alikuwa na uwanja, mama yake amezikwa ndani ya uwanja, na yeye ni mtoto wao. Hataki vyumba vyote. Anataka ijulikane hapa ni kwao.

Igga akamgeukia Poni, akamuuliza kwa heshima kama ndiye.

"Ni mimi."

"Na kaburi yako iko wapi, mama?"

"Nakalia yeye hapa," alisema Poni.

Dramadri akainuka. Hambishii shemeji yake, alisema, nani asiyemwona? Lakini kuwapo mahali si kuzikwa mahali. Wafu hutembea. Barabara ya Koboko siku hizi ina lami, na hata mtu mzima kama Sulaimani amefika kabla ya chai ya saa nne. Poni angeweza kuja kutoka Koboko kama mgeni mwingine yeyote, akaketi pale anapopenda. Wazee wawili wakatikisa kichwa kukubali.

Sulaimani akawaonyesha alama ya debe. Akawaonyesha pia magoti ya Poni, saruji inapoanzia. Igga akainama akatazama, akasema ni kweli, miguu iko ndani. Lakini kujua miguu imefika wapi, ni lazima sakafu ivunjwe, na sakafu ni mali ya mwenye nyumba. Akamuuliza mwenye nyumba kama anakubali. Mwenye nyumba hakukubali. Kikao kikaona kwamba mambo yabaki kama yalivyo, kila mtu akae kwa amani, na Patience apongezwe kwa kuitikia malalamiko ya jirani haraka hivyo. Igga aliomba acheze mchezo mmoja kabla ya kuondoka. Acidri akamfunga tano bila huruma, na hiyo ndiyo haki pekee iliyotendeka siku ile.

Sulaimani akarudi Koboko, mkeka akauacha. Patience alifikiri sana kuhama. Angeweza kwenda Inde, au mjini. Lakini kompyuta ilikuwa kimya na baridi, wateja walijaa, na asubuhi kabla hajafungua alikunywa chai na mama yake, ambaye alimsimulia jinsi mwanawe alivyokuwa mtoto mlafi wa maziwa. Alibaki. Wala hakujidanganya kwamba ameshinda.

Ubaridi haukukaa kwenye kona tu. Ulipita chini ya ukuta mpaka kwa Shamim, ambaye unga wake uliokandwa ulianza kukaa siku nzima bila kuchacha. Watu wa mjini wakasikia. Dramadri akaandika ukutani kwa rangi ya bluu, VYUMBA VYA BARIDI, akapandisha kodi. Kwa Patience alipandisha zaidi ya wengine, kwa kuwa chumba chake ndicho kilichokuwa na baridi zaidi, naye akamweleza hivyo kwa upole, kama baba anavyomweleza mtoto.

Mwisho wa mwezi alikuja kuchukua kodi. Kulikuwa na jua kali, akasema atapumzika kidogo. Akavuta kigoda mpaka kwenye kona, akaketi, akakiweka kitabu cha risiti gotini na kumshukuru Mungu kwa hewa nzuri. Patience akampa maji ya mtungi, kwa sababu mgeni ni mgeni. Kompyuta ilikuwa ikifanya kazi bila sauti, na Acidri alikuwa akiongoza.

Poni akaacha kupuliza kidogo.

"Shemeji," alisema, "wewe nakalia mukono yangu."

Dramadri akaomba radhi. Alinyanyuka nusu, akasogeza kigoda kidogo, akaketi tena, akamuuliza Patience leo ni tarehe ngapi, ili aandike kwenye risiti.