Mlio wa Pikapu ya Alois

Pikapu ililia kwa mara ya kwanza siku ilipombeba mwenyewe, mzee Alois, kwenda makaburini. Nyuma walikuwa wamepanda waimbaji kumi na wawili, wamelizunguka jeneza, na kila wimbo ulipofika kituo, chini yao ukasikika mlio: kwii, kwii, kwii, kama kifaranga aliyepotezana na mama yake. Waimbaji wakatazamana. Aliyeshika usukani alikuwa Avelina, binti wa marehemu, kwa kuwa mzee Alois hakuwahi kumfundisha mtu mwingine kuliendesha gari lile. Alisikia, akauma midomo, akaendelea taratibu hadi walipofika.

Kabla matanga hayajaanuliwa, mtaa mzima wa Izia, mjini Sumbawanga, ulikuwa na habari. Gari la Alois linamlilia Alois.

Fundi Zenon wa Chanji aliliangalia mara tatu. Kila mara aliliendesha tupu, akazunguka nalo mitaa miwili mitatu, nalo likatulia kama maji mtungini. Hata hivyo alibadilisha mkanda wa injini, akasafisha breki, akapaka oili kwenye springi. Avelina akapakia magunia, akatoka mjini, na kabla hajamaliza kilomita moja: kwii, kwii, kwii. Mara ya tatu Zenon alifuta mikono yake pole pole, akasema yeye anatengeneza magari, hayo mengine hayajui.

Maneno hayo ndiyo yaliyomtisha baba mdogo Cleophas. Cleophas hakuwa mtu wa tamaa. Hakuitaka pikapu ya kaka yake wala chochote kitakachotokana nayo. Vitu vya marehemu vilipogawiwa, alipewa koti na sanduku la vyuma, akaviweka chini ya kitanda bila kuvigusa. Aliogopa tu, na hofu yake ilikuwa ya kweli. Katika kikao cha ukoo alisema amekwisha kumzika kaka yake, hawezi kumzika na mtoto wa kaka yake. Kulikuwa na mtu wa Mpanda aliyekuwa tayari kulinunua gari, angekuja Jumamosi baada ya misa ya arobaini.

Avelina alimwamkia tena, kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana siku hiyo, kisha akaomba. Kwa pikapu ile alikuwa akishusha mahindi na ulezi wa majirani hadi Kirando, ziwani, na kupandisha dagaa, kazi aliyoianza kando ya baba yake tangu alipomaliza kidato cha nne. Ikienda Mpanda, kazi inakwenda nayo, na kiti cha baba kinakwenda nayo.

"Nipe hadi Ijumaa, baba mdogo. Likinyamaza, linabaki. Lisiponyamaza, funguo nitampa huyo mtu kwa mkono wangu."

 Cleophas akakubali, ila kwa sharti kwamba na yeye atapanda. Kama ni kufa, wafe wawili.

Alhamisi asubuhi walipakia magunia kumi na mawili ya mahindi na matatu ya ulezi. Juu ya magunia alikaa Ngeleja, mfugaji wa Kisukuma aliyeomba lifti ya Kirando, fimbo yake mapajani. Hawakuwa wamefika mbali mlio ulipoanza, na Cleophas akatoa rozari mfukoni. Ngeleja akainama kwenye dirisha.

"Nyinyi Wafipa mnatajwa nchi nzima kwa kurusha radi," alisema, "leo mnamkimbia kifaranga?"

Cleophas alimjibu kwamba mtu anayewaimbia ng'ombe nyimbo za mapenzi hana la kumwambia mwenzake. Ngeleja akacheka peke yake huko juu.

Avelina hakucheka, lakini kicheko kile kilimlegeza kifua. Siku arobaini kasoro mbili alikuwa akiusikia mlio ule kama wanavyousikia wengine. Na siri yake, ambayo hakumwambia hata mama yake, ilikuwa hii: nusu ya moyo wake iliupenda. Ulipoanza, alihisi baba yumo garini. Ndiyo maana hakuwahi kuusikiliza sawasawa. Mtu hamchunguzi mgeni anayemtamani asiondoke.

Sasa akakumbuka alivyokuwa akifanya mzee Alois gari lilipotoa sauti ngeni. Aliliuguza kama nesi anavyomuuguza mtoto mchanga asiyeweza kusema panapomuuma. Alikuwa akimwambia Avelina, "Usiulize nani kautuma mlio. Uliza unaanza lini na unaacha lini."

Akasimamisha gari, akaliacha linanguruma, akakanyaga mafuta. Kimya. Kumbe likisimama halilii, hata injini ipige kelele namna gani.

Mbele yao kulikuwa na mteremko mdogo, wa polepole, unaoishia kwenye kilima. Akaondoka, akatoa gia, akazima injini. Pikapu ikaserereka kwa uzito wake, upepo tu madirishani, na Cleophas akaanza Salamu Maria kwa sauti. Kwii, kwii, kwii. Injini imelala na mlio uko macho. Basi si mkanda, na hela ya mkanda ilikuwa imekwenda bure. Akagusa breki kidogo: mlio haukubadilika, ila ulipunguza kasi pamoja na gari. Basi si breki. Ni kitu kinachozunguka.

"Shuka, Ngeleja," alisema walipofika chini. "Nina kazi ya mchunga ng'ombe."

Alichana ukanda mweupe kwenye mfuko wa sandarusi, akaufunga kwenye ringi ya gurudumu la nyuma. Akawasha, akaenda mwendo wa mtu anayetembea, na Ngeleja akafuata pembeni, fimbo begani, kama anayefuata ndama mkaidi. Kazi yake ilikuwa moja: kila ukanda mweupe ukirudi juu, aseme mlio umeita mara ngapi. Mtu aliyezoea kuhesabu ng'ombe mia mbili wakiwa kwenye vumbi hakosei.

"Mara nne," alisema. Walikwenda tena. "Nne. Na tena nne."

Avelina alizima gari. Kitu kinachozunguka mara nne gurudumu likizunguka mara moja. Kitu kinachoendelea kuzunguka hata injini ikizimwa. Kipo kimoja tu: shafti, lile bomba refu la chuma linalopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Na gari likiwa tupu, shafti hulala vizuri. Likibeba mzigo, mkia unashuka na viungo vyake vinajikunja. Zenon hakulipakia hata mara moja.

Wakaweka mawe kwenye magurudumu. Avelina akatandika gunia, akaingia chini chali.

Shafti ina kiungo kila mwisho, kipande cha chuma chenye umbo la msalaba, mafundi hukiita krosi. Cha mbele kilikuwa cheusi kwa grisi ya zamani. Cha nyuma kilizungukwa na vumbi jekundu. Chini ya gari lolote la Sumbawanga wakati wa kiangazi kuna vumbi jekundu, na Zenon bila shaka aliliona akalipita. Avelina alilichota kwa kidole. Vumbi la barabara analijua, huteleza kama poda. Hili lilikwaruza, lilinuka chuma, na rangi yake ilikuwa ya unga wa ulezi, iliyokoza kuliko barabara zote za Ufipa. Kutu. Chuma kilikuwa kikijisaga chenyewe.

Kisha akaona kitambaa. Kilikuwa kimechomekwa kwenye fremu, mahali mkono wa mtu aliyelala chali unapofika. Kipande cha shati la miraba ya buluu, kimeganda grisi.

Kila Jumapili baada ya misa ya kwanza mzee Alois alijilaza chini ya gari, miguu nje. Nyumbani walijua analala. Mama alikuwa akiwaambia wageni kwamba mume wake yuko misa ya pili. Cleophas akipita alimpiga teke la unyayo, akamuuliza kama bado yu hai. Hakuna aliyeinama kutazama anafanya nini. Tangu mwezi wa pili, alipougua, hakuna aliyelala pale tena.

Avelina akatoka na kitambaa mkononi, uso umejaa vumbi na machozi, akicheka.

"Baba mdogo, mlisema kweli. Linamlilia. Linalilia grisi yake."

Cleophas alikitazama kitambaa. Alilijua lile shati.

Waligeuza, wakarudi Chanji mwendo wa konokono. Zenon alipofungua krosi, vyuma vyake vya ndani vilimwagika kama unga. Akasema mbele ya watu wote kwamba safari moja zaidi ya mteremko wa Kirando, shafti ingeanguka, na kwamba binti huyu kampita yeye. Cleophas hakuwepo kuyasikia. Alikuwa amekimbilia nyumbani, akarudi anahema na sanduku la kaka yake kichwani. Ndani, chini ya spana, lilikuwemo bomba la grisi. Krosi mpya ilipofungwa, alikataa mtu mwingine asiiguse. Alijilaza chali mwenyewe, na suruali yake nzuri, akapampu hadi grisi ikatokeza pande zote nne.

Ijumaa pikapu ilishuka Kirando na magunia yote kumi na matano, ikapanda na dagaa, na Ngeleja akawa analalamika huko juu kwamba safari imepooza, hakuna muziki. Jumamosi iliwabeba waimbaji walewale kumi na wawili kwenda kwenye misa ya arobaini. Walipokata wimbo katikati ya njia, wote wakatega sikio. Hakikusikika kitu ila magurudumu na barabara. Mmoja akapiga kigelegele, wakapokea wote. Mtu wa Mpanda aliikuta pikapu imeegeshwa mlangoni, akanywa chai, akaondoka kwa basi.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, Avelina alikuwa chini ya gari, miguu nje, kitambaa cha buluu mkononi. Akasikia hatua zikija, zikasimama, kisha teke dogo kwenye unyayo.

"Wewe, umelala?"

"Niko misa ya pili, baba mdogo."

Cleophas akavuta gunia jingine, akajilaza upande wa pili.